Kokoto za Matanga

Fungua mlango kidogo, Beldina, moshi utoke, kisha uje ukae karibu na wifi yako. Nawe Joab, acha kusimama kama askari wa stoo. Keti chini, mahali ninapoweza kukuona uso. Nitasema kwa Kiswahili, ingawa lugha ya mama yangu Amolo ndiyo iliyo karibu zaidi na pumzi yangu leo, kwa sababu Bilhah alitoka kwao Nyeri akaingia nyumba hii na kuniuguza kama baba aliyemzaa, na sitaki maneno yangu ya mwisho yamfikie kama mabaki ya chakula, yakitafsiriwa na wewe mumewe, utakayeruka yale yanayomhusu yeye mwenyewe.

Wanangu, nimezisikia kokoto. Kila jioni, mkidhani nimelala, mnakuja na karai na vikapu, mnamwaga nyuma ya nyumba polepole, na Beldina anakohoa ili kelele isifike hapa kitandani. Nilipouliza mkaniambia ni za banda la kuku. Banda gani la kuku linataka mawe kiasi hicho, na kuku wenyewe wanalala chini ya kitanda changu? Ni kokoto za matanga. Mnataka mvua ikinyesha siku ya kunilia, wageni watakaotoka ziwani na watu wa kambi wasikanyage matope katika ua wa Obonyo, mtu aliyejulikana mashamba yote ya chai, toka hapa mpaka Sosiot, kwa kukadiria kokoto. Sikuwakasirikia. Mtu anayetayarishiwa njia ya wageni wake angali anapumua ni mtu aliyependwa, na usiku ule nilipoelewa nilishukuru.

Lakini baada ya kushukuru niliona haya, na haya hiyo haijaniacha mpaka sasa. Ndiyo iliyonifanya niwaite.

Joab, nilikufundisha kazi yangu tangu ulipoweza kuinua nyundo. Nilikufundisha kuitembea ardhi kwanza bila kusema neno, kupima urefu na upana kwa fimbo, kupima unene kwa kiganja kilichosimama, kisha kuona akilini mwako sanduku kubwa lenye ukubwa huo na kujiuliza litajazwa na magari mangapi ya ng'ombe. Nikakufundisha kwamba kokoto zikimwagwa hudanganya, zimekaa na hewa katikati yake kama watu wasiopatana, na gogo la kushindilia likipita juu yake hushikana na kushuka, kwa hiyo kwa kila magari matatu ongeza moja. Hayo uliyashika vizuri. Yaliyobaki sikukufundisha, kwa kuwa nami sikuyajua, na aliyeyajua alipotaka kuniambia nilimcheka.

Mnaukumbuka mwezi wa pili, jua lilipokuwa kali hata majani ya chai yakajikunja. Watu wa kambi walikuwa wamechoka kuwazungusha wagonjwa kwa barabara ya kiwandani, wakaamua tujitengenezee wenyewe njia ya mkato, ishuke mteremko, ivuke mto, itokee kwenye barabara kubwa ya Kericho, ili mwanamke mwenye uchungu abebwe kwa machela na afike hospitali angali na nguvu. Bwana meneja akakubali kutuazima gari la ng'ombe siku za Jumamosi. Na nani akadirie kokoto? Hakuna aliyeuliza mara mbili. Nikaenda na fimbo yangu, nanyi nyuma yangu, na nusu ya kambi nyuma yenu.

Arap Tonui, jirani yetu mfugaji, alikuwa ng'ambo ya mto akinywesha ng'ombe. Akavuka, akasimama pale bondeni kabla ya mto, penye nyasi fupi za kijani, akasema kwa upole, "Mzee, hapa iko mdomo. Ng'ombe yangu hapana simama hapa, hata kiangazi. Hii mahali inakunywa." Mimi nikapiga mguu chini, udongo ukalia kama ngoma, mgumu kabisa. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Wewe jua habari za mkia wa ng'ombe. Mimi nimelaza mawe ya reli, na gari moshi halijazama." Watu wakacheka. Wewe Joab ulicheka mpaka ukashika mbavu, na jioni watoto wa kambi walikuwa wamemwita Mpima Mkia. Yeye alitabasamu, akawapigia ng'ombe wake mluzi, akaenda. Mdharau mwiba mguu huota tende, wanangu, lakini mwiba huu haukuingia mguuni mwangu. Uliingia miguuni mwa watu wengine.

Nilikadiria kwa udongo wa kiangazi, kama mgeni. Kwetu ziwani udongo ukikauka unakuonyesha nyufa zake, unakwambia wazi kwamba mvua ikija utakunywa. Udongo huu mwekundu hausemi. Unafunga mdomo na kungoja. Kokoto huliwa na wawili, gogo na ardhi, nami nilimpikia gogo peke yake. Kila nyumba ikapewa fungu lake la kugonga na kubeba kwa hesabu yangu, wanawake wakagonga mawe ya kijivu pale machimboni mpaka vidole vikapasuka, tukamwaga, tukashindilia, na nikasema mbele yao, "Imetosha."

Mvua ilipoanza nilikwenda asubuhi kuangalia, na pale bondeni sikuona kitu. Fungu lote la mahali pale lilikuwa limemezwa. Nikarudi bila kusema. Asubuhi ya pili nikakuta kokoto. Nikafurahi kama mjinga, nikidhani zimeibuka, mpaka nilipoinama. Sisi tulimwaga mawe ya kijivu yaliyogongwa, yenye makali. Haya yalikuwa meusi na ya mviringo, mawe ya mtoni. Palikuwa na watu waliokwenda mtoni alfajiri kabla ya kengele ya kazi, wakajaza shimo la hesabu yangu, kisha wakaenda kuchuma chai migongo ikiwa imelowa. Nikajificha siku nyingine nikawaona: ni Nyanchoka, mchuma chai, na wanawake wa mstari wake wa nyumba. Siku hiyohiyo mchana nikamkuta Nyanchoka bombani, nikamwuliza njia inaendeleaje. Akaniangalia usoni akasema, "Njia ni nzuri, baba. Kokoto zako zilitosha."

Mnajua uchungu wa neno kama hilo? Angenitukana ningemjibu. Alinisitiri, nami nikachukua ile sitara nikajifunika, nikaendelea kuamkiwa fundi.

Mawe ya mviringo hayaumani. Yanateleza kila moja upande wake, na mdomo ule uliyanywa pia. Ndipo usiku wa mvua kubwa wakamshusha Jerusa, mwenye uchungu, kwa machela, na waliombeba wakazama mpaka magotini pale pale nilipopigia mguu, wakashindwa kwenda mbele wala nyuma, na mtoto akazaliwa hapo, matopeni, chini ya gunia. Mke wa Tonui alisikia kelele akavuka mto. Alimfunga mtoto kwa ngozi aliyovaa mwenyewe, akampa Jerusa maziwa ya kibuyu, akamshikilia mpaka pakapambazuka. Mtoto yu hai, Mungu asifiwe, lakini Jerusa hatembei sawasawa mpaka leo. Vijana walitaka kumpa mtoto jina la utani la mahali pale, na mumewe Jerusa akawakataza, akasema jina hilo litapita mlangoni kwa mzee Obonyo na kumuumiza. Aliyeumizwa ni mkewe, na aliyehurumiwa ni mimi.

Sasa nakuja kwako Joab, na usiinamishe kichwa, maana kama ni kuinamisha tutainamisha wote wawili. Ulipoona watu wananong'ona ulisema kwamba Tonui alichimba mfereji kwa siri, akaelekeza maji bondeni ili atuaibishe kwa sababu tulimcheka. Ulisema hivyo kwa kunipenda, ili jina la baba yako lisizame. Nilikusikia ukisema hayo hapo nje, penye bomba, wiki ya pili ya ugonjwa wangu. Ningeweza kukuita. Niligeuza uso ukutani nikajifanya nimelala, na neno hilo limezunguka kambi mpaka sasa watu wanamwangalia Tonui vibaya anapopita na mifugo, na wengine wamekataa maziwa yake.

Na maziwa haya mnayoninywesha yanatoka wapi? Ng'ombe wangu mmoja mwekundu yuko bomani kwake miaka hii yote, tangu mwaka uliofuata nzige, kwa desturi yao ya kulishiana mifugo. Kwa haki yao, anayemlisha ndiye anayekunywa maziwa. Hanidai, simdai. Lakini tangu nilale hapa kibuyu kinafika kila asubuhi, na Bilhah ameniambia jambo ambalo nyinyi wengine hamkuliona: mwezi uliopita alimwona Tonui amefunga madume yake mawili kwenye gogo la kukokota, anashusha mawe mekundu ya kilimani kwake, anayatupa bondeni peke yake, siku ileile mliyokuwa mkimsema. Kwa hiyo pale chini, wanangu, kuna mawe ya aina tatu. Ya kijivu ndiyo hesabu yangu. Meusi ni huruma ya Nyanchoka. Mekundu ni ya mtu aliyeitwa Mpima Mkia kwa sababu ya ulimi wangu. Yangu ndiyo yaliyo chini kabisa.

Nipe maji, Beldina. Kidogo tu. Asante, mama.

Sikilizeni namna ya kugawana, si mengi. Nyundo zangu zote ni zako Beldina, kwa sababu unagonga jiwe bila hasira. Ng'ombe mwekundu abaki alipo, msimtoe kwa Tonui, na ndama atakayezaa awe wa mtoto wa Jerusa; lipelekeni neno hilo kwa mdomo, mbele ya watu. Fimbo yangu ya kupimia ni ya Bilhah. Usicheke, Joab. Tumbo lake limeshuka, na mteremko ule unataka kitu cha kuegemea. Gogo la kushindilia, lenye chuma mguuni, ni lako. Ulibebe begani mchana, upite katikati ya kambi nalo, kila mtu akuone unakwenda wapi.

Maana hili ndilo ninalowaagiza, na lingine lolote mkilisahau nitawasamehe. Zile kokoto zilizo uani si za matanga tena. Nimezihesabu kwa sikio, kila karai lililomwagwa, na ni za kijivu, zenye makali, mmezigonga vizuri. Zipelekeni bondeni. Zipelekeni kabla sijafa kama nitachelewa, na nikiwahi, zipelekeni kabla ya kuniosha. Wageni wangu watakanyaga matope, waache wakanyage, watakwenda kwao na kunawa miguu. Bilhah hatapata mahali pa kunawa akikwama pale usiku. Siwezi kuzaliwa mara ya pili, lakini mjukuu wangu anataka kuzaliwa mara moja, na awe mahali pakavu.

Lakini msimwage hata karai moja kabla hujavuka mto, Joab. Nenda bila viatu, usiende na wenzako. Umwite baba, maana ni rika langu. Mwambie, "Baba yangu alikucheka, nami nikakusingizia, na hapakuwa na mfereji." Useme hivyo hivyo, usipambe. Akinyamaza, nawe nyamaza ukae. Akikupa kibuyu, kunywa chote, hata kama hupendi ladha ya majivu katika maziwa yao. Kisha kabla jua halijatua useme maneno hayohayo bombani, wanawake wakiwa wanateka maji, kwa kuwa uongo uliuachia pale. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na sisi tulijikwaa ulimi, baba na mwana. Dole hupona lenyewe. Ulimi hauponi mpaka urudi kulekule ulikojikwaa.

Na mtu akiwauliza nizikwe wapi... kama njia ya ziwani imefungwa na mvua, msipigane na ng'ombe wa watu kukokota jeneza langu. Hapa panatosha. Mwambieni ndugu yangu Ogola kwamba ni mimi niliyesema, asiwalaumu.

Joab. Sogea. Sauti inaniacha.

Ukishafika naye pale bondeni, mwonyeshe kokoto. Mwulize kama zinatosha. Mimi moyoni nasema... nasema zinatosha, na moja ya juu ya kila tatu imo. Lakini mimi nilishasema hivyo. Akisema bado, usimwambie baba alisema. Usilitaje jina langu. Rudi machimboni, ugonge tena.

Bilhah, mwanangu, nipe mkono. Uwe na maziwa. Uzae salama. Beldina, nyumba yako isikose mtu wa kubisha hodi. Joab, Mungu akupe... akupe jirani kama yule, na akili ya kumsikia. Wote mkipita pale mpite wima. Mkiona jiwe jekundu juu, liacheni. Msilifunike.

Mlango... uacheni wazi. Nataka kusikia karai... likijazwa. Anzeni. Lile la kwanza tu.

Hivyo.