Albano Marselino Haule, Aliyemfundisha Radi Kungoja

Kaka yetu Albano alizaliwa tarehe 2 Mei 1947 kijijini Maguu, Mbinga, mtoto wa tatu wa Mzee Marselino Haule na Mama Kristina. Mama alisema alichelewa kuongea, na hata alipoanza aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa.

Alisoma Maguu, kisha Kigonsera hadi mwaka 1963. Mwaka 1966 alipata kazi katika shamba la mkonge Korogwe, akapewa mbwa wa ulinzi ambao wenzake waliwaogopa. Huko alipenda kazi iliyomchukua maisha yake yote.

Tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa na Yuliana Komba. Siku ya kwanza shemeji kufika nyumbani kwake Korogwe, alimwona mbwa, akaogopa, akapanda yeye juu ya meza, na chakula cha mchana akakilia hukohuko. Albano alimpelekea sahani bila kucheka.

Mwaka 1986 walihamia Boko. Miaka ile nyumba mpya zilikuwa zikiota Mbezi Beach, na kila geti lilitaka mbwa. Albano aliajiriwa na kampuni ya ulinzi, lakini alitafutwa zaidi na watu wenye mbwa wakubwa walioharibika tabia. Mmoja wao alikuwa Bwana Hadi, mfanyabiashara, mwenye mbwa wa Kijerumani aitwaye Radi. Kwa miaka mingi Radi alifungwa mnyororo, na mnyororo ukilia tu, alirukia geti. Mwanzoni mwa 1994 alimng'ata mtunza bustani.

"Mie nimechoka, bwana," Hadi alimwambia. "Kesho daktari anakuja kumchoma sindano ya kumuua."

"Nipe mpaka Ramadhani iishe."

"Mbwa mtu mzima huyu! Atajifunza nini tena?"

"Kungoja," Albano alijibu.

Alimpeleka Boko. Alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya majani, ungewaona wawili hao wakitembea kama watu wanaotafuta kitu walichokiota. Radi akivuta kamba, Albano alisimama kimya. Kamba ikilegea, alimpa kipande cha pafu kutoka machinjio ya Vingunguti na safari ikaendelea. Getini ikawa vivyo hivyo: akiruka, geti linafungwa, akikaa, linafunguka. Ramadhani ilipokwisha, Hadi alikuja, akatikisa geti mwenyewe. Radi akakaa. Sindano ikasahauliwa. Baadaye Albano alimwekea mbao, matairi na mapipa, na yule mbwa mzito akajifunza kupaa.

Jumamosi tarehe 9 Septemba 1995 waliingia mashindano ya utii na kuruka vikwazo, katika uwanja mmoja Kinondoni. Katikati ya mzunguko, mtu aliangusha mnyororo. Radi aligeukia watazamaji, manyoya yamesimama, watu wakaanza kukimbia. Albano hakupiga kelele. "Radi," alisema, kwa sauti ileile. Mbwa alitetemeka, akakaa. Kisha akarudi, akaruka kikwazo cha mwisho. Hawakupata kikombe. Hadi alifuta macho, akasema, "Mchukue, bwana. Huyu ni wako."

Tarehe 17 Juni 1998 kaka alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na sauti ikaondoka. Radi, sasa mzee, alizunguka kitanda akingoja neno lisilokuja. Ndipo Albano akaanza upya, kwa mkono wa kushoto: kiganja juu, kaa, kiganja chini, lala. Aliyeshika vipande vya nyama, na kumlisha Radi kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa Yuliana.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Machi 1999, shemeji alikuwa anatoka kwenda kuchota maji. Albano aliinua kiganja. Radi akakaa. Lakini macho ya Albano yalikuwa mlangoni, kwa mkewe. Yuliana akaweka ndoo chini, akarudi, akakaa kitandani na kuushika mkono ule. Jua lilipofika dirishani, kaka yetu alikuwa ameondoka taratibu.

Ameacha mjane, Yuliana, watoto wawili, Marselino na Otilia, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake.

Ee Bwana, mpokee Albano, alale salama katika utulivu wako.