Yule Mama wa Kwenye Mnara

Benchi letu liko Nyasura, hapa Bunda, ubavuni mwa duka la spea za pikipiki la mwenzetu aitwaye Kwangu. Mbuke anatupikia kahawa, sisi tunampikia maneno. Wa kudumu tuko wachache. Yupo Baltazari, tunamwita Hakimu, ambaye mahakamani alifikaga mara moja tu, kama shahidi, na ushahidi wake ukakataliwa. Yupo Abednego, mkulima wa pamba, jina lake Redio, maana habari akiisikia nusu anaitangaza nzima na nyongeza. Nipo mimi, kazi yangu kusogea watu wakae. Na yupo Kwangu mwenyewe, ambaye zamani alikuwa mbishi kuliko sote, lakini mwezi huo alikuwa ameacha kabisa kubisha. Anakaa pembeni na kigemu mkononi, kile cha kushika kwa mikono miwili, anabonyeza, anaguna, kahawa inamganda. Siku hiyo Redio alishindwa kuvumilia.

— Jamani, mimi nasema ukweli. Ile siyo gemu. Ile inapimaga dhahabu.

— Dhahabu hapa Nyasura? Hakimu akauliza.

— Chini ya benchi hii hii. Ndiyo maana hahami. Mnaona anavyoguna? Ikigusa mwamba inalia.

— Wewe Redio, mtu mzima akicheza gemu ni mambo ya ndoa. Amefukuzwa na Flora. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinahusu nini na Flora?

— Subiri kijae utaona.

Kwangu akainua kichwa.

— Flora hajanifukuza. Na hakuna dhahabu. Hii ni gemu ya zamani, ya panga na majoka. Nilichezaga nikiwa mtoto, kule Kitaji.

Tukamsogelea. Kwenye kioo kulikuwa na kijana mdogo mwenye upanga, amesimama mbele ya mnara. Mlangoni pa mnara amekaa mwanamke mwenye nywele nyeupe.

— Huyo nani? Mbuke akauliza, birika mkononi.

— Ndiyo shida yenyewe, Kwangu akasema. Akazima kigemu, akatueleza.

Alikulia Musoma, mtaa wa Kitaji, nyumba ya jirani na kina Mwikwabe, rafiki yake. Baba mdogo wake Mwikwabe alikuwa dereva wa mainjinia wa Kijapani waliokuja kuchimba visima. Wajapani walipoondoka wakamwachia kigemu cha kijivu, kikubwa kama tofali, na gemu moja ndani yake. Kijana anatoka kijijini na upanga, anatafuta joka. Maneno yote ya Kijapani. Wale watoto hawakuelewa hata moja.

— Sasa mlichezaje? nikauliza.

— Mwikwabe alikuwa anasoma.

— Kijapani?

— Hapana. Alikuwa anaangalia zile herufi, zimekaa kama nyayo za kuku, halafu anasema tu kitu kinachomjia. Kuna mzee yuko kisimani, Mwikwabe akasema huyu analia ng'ombe wake wamevuka mto. Tukajua joka limeiba ng'ombe. Basi gemu yote tukaicheza ni ya kufuata nyayo za ng'ombe. Betri zikiisha tunazianika juani, zikipata moto tunaendelea. Na kila siku tunakwama hapo hapo, kwa huyo mwanamke. Mwikwabe akasema ni mchawi, ndiye anayelificha joka. Anakuuliza kitu, yanatokea majibu mawili. Sisi tunabonyeza la kwanza. Anatupiga tunakufa. Tukawa wakubwa hatujaingia ndani ya mnara.

— Mwikwabe yuko wapi sasa? Mbuke akauliza.

— Butiama, kwa dada yake Ghati. Sukari imemchukua macho, haoni kabisa.

Hata Redio akaweka kikombe chini.

Kwangu akasema kwamba Mwikwabe tangu apofuke hapendi watu wamtembelee, lakini simu anapokea. Siku moja akamwambia kwa Kikurya chao cha ujana: mura, yaani kijana, itafute ile gemu yetu, uimalize, unisimulie kulikuwa na nini ndani ya mnara. Kwangu akaagiza hiki kigemu Mwanza, kimejazwa magemu ya kale, na lile lao limo, limetafsiriwa Kiingereza.

— Nikaanza kusoma, akasema. Yule mzee wa kisimani hajapoteza ng'ombe. Anasema tu leo maji ni baridi.

— Hayo tu? Hakimu akashangaa. Miaka yote hiyo?

— Hayo tu. Ng'ombe hamna kabisa humo. Na huyu wa kwenye mnara siyo mchawi. Ni mama wa huyo kijana. Alimwacha mdogo. Anachouliza ni hivi: umekuja kupigana na mimi, au umekuja kukaa na mimi? Jibu la kwanza kupigana. Jibu la pili kukaa. Ukichagua la pili anafungua mlango.

— Kwa hiyo mlikuwa mnampiga mama, nikasema.

— Yeye ndiye alikuwa anatupiga. Sisi tulikuwa tunaanza.

Mbuke akacheka, halafu akaona Kwangu hacheki, akaacha.

— Tatizo, Kwangu akasema, Mwikwabe naye mama yake aliondoka yeye akiwa mdogo, kabla hata hajaanza shule. Alivuka kwenda visiwani kununua dagaa, hakurudi. Watu walimwona huko, mzima, ana maisha yake. Sasa nitamwambiaje huyu mtu, macho hana, kwamba mchawi tuliyempiga utoto wote alikuwa mama? Na kila jioni ananipigia, umefika? Namwambia betri imeisha.

Hapo ndipo benchi likapata kazi.

— Usimwambie, Hakimu akaamua. Kisheria hadithi ni mali ya aliyekaa nayo muda mrefu. Hao Wajapani waliitelekeza. Mwikwabe ameimiliki bila usumbufu. Mchawi abaki mchawi, joka litoke, ng'ombe wakombolewe, kesi ifungwe.

— Mimi napinga, Redio akasema. Amwambie. Hizo gemu zinatengenezwaga na watu wanajua kitu. Huyo Mjapani alipita Musoma, akaona huyo mtoto hana mama, akaandika.

— Gemu ilikuja imeshaandikwa, Redio.

— Basi alijua kabla. Hawa watu wana mitambo. Halafu niwaambie, huyo mama wa mnara siyo picha. Ni yule yule wa visiwani. Amepitia humo kumtafuta mwanaye. Na kila akikaribia, mnamkata panga.

— Mungu wangu, Mbuke akasema.

— Ndiyo maana macho yameondoka! Laana!

— Macho yameondoka kwa sukari, Kwangu akasema.

— Na sukari imetoka wapi?

Hakimu akapandisha miwani.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa huyu alikuwa anafunzwa na mamaye, kwa fimbo, ndani ya gemu, akakataa. Kwa hiyo ulimwengu hauna kosa.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, Redio akajibu.

— Tezi ndiyo nini?

— Ugonjwa wa shingo. Ukienda nao, unarudi nao.

Wakabishana tezi. Kutoka tezi wakaingia kwenye Wajapani, kama visima walivyochimba vilikuwa vya maji kweli. Hakimu akasema vilikuwa vya kusikilizia. Redio akasema sasa ndiyo unanielewa. Kwangu alikuwa ameshika kigemu bila kukiwasha, anatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeomba maji akapewa chumvi.

Wakati huo alikuwa amesimama mama mmoja dukani, anasubiri kuuziwa taa ya nyuma ya pikipiki. Jina lake Matrida, tulilijua baadaye. Anafundisha shule ya msingi upande wa Manyamanyama, na hakuwahi kukaa kwetu. Alikuwa amesikia yote. Akamgeukia Kwangu.

— Samahani, kaka yangu. Huyo rafiki yako, amepofuka lini?

— Mwaka wa pili huu.

— Butiama si hapo tu? Asubuhi unatoka, mchana umerudi.

— Ni hapo tu.

— Sasa mbona hujaenda?

Kwangu akafungua mdomo.

— Yeye ndiye alisema hataki watu.

— Wewe ni watu?

Hakimu alikohoa, lakini hukumu haikutoka. Redio akatafuta kitu cha kutangaza kwenye kikombe chake. Mimi nikasogea, ingawa hakuna aliyetaka kukaa. Kwangu akaingia dukani, akamletea yule mama taa yake, akamwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mbuke alipoinamisha birika likatoa machicha. Tukatawanyika.

Jumapili duka lilifungwa. Flora alipita kutoka kanisani, akatuambia mumewe ameondoka na basi la asubuhi, kigemu kwenye mfuko na chaja shingoni. Tulikaa. Hakimu alijaribu kuanzisha habari ya bei ya pamba, haikushika. Jua lilipogeuka, Redio akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za kuku na mwanamke anayecheka, Ghati bila shaka.

— Kwangu! Umefika?

— Nimefika. Semeni haraka, tuko vitani.

— Amekupokeaje?

— Alinitukana mlangoni. Akasema mbona nimechelewa hivyo. Halafu akaniambia niwashe.

Hakimu akainyakua simu.

— Umemwambia ipi?

— Nimemsomea yote kama ilivyoandikwa. Ya maji ya baridi alicheka mpaka akakohoa, anasema ng'ombe walikuwepo, huyo mzee anaficha. Tukaenda. Tukafika kwa mama.

— Na hiyo umemwambia?

— Nimemwambia.

Benchi zima likainama.

— Kasemaje?

— Kasema bonyeza la kwanza.

— La kupigana?

— La kupigana. Nikabonyeza. Tukapigwa. Akasema tena. Tukapigwa tena. Tumepigana naye tangu mchana huu, jamani, mama ana nguvu yule. Mwikwabe anampigia kelele kabisa, kwa Kikurya, sielewi yote.

— Na sasa hivi? Mbuke akauliza, sauti ndogo.

Tukasikia sauti nyingine, nzito, ikisema kitu karibu na simu.

— Sasa hivi amenyamaza, Kwangu akasema. Amekichukua kigemu, amekishika mwenyewe. Ngojeni, ananiuliza la pili linabonyezwaje.