Dada Mkasi na Meza ya Kukatia

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Dada Mkasi, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi viatu, akamaliza sekondari mwaka 1984, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, mwanamke mkali asiyecheka hata akitekenywa.

Mwaka 1993 alifungua karakana ya sare za shule, mafundi watatu na meza moja ya kukatia, na kwa kuwa hakutaka kuwa kama shangazi, akaweka utaratibu kwamba aliyekosea kukata agonge mkasi mezani, wote wacheke, kisha wote wasaidie kuokoa kitambaa. Mwaka 1995 aliolewa na dereva wa lori, shemeji yetu, aliyetutoka mwaka 2009, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni mkunga.

Kazi ikashamiri, mafundi wakafika arobaini kwa muda mfupi, dada akahamia ofisi ya ghorofani, akaajiri msimamizi aliyepiga marufuku kelele za mkasi na vicheko, akawa anamfokea hadharani kila aliyekosea, basi makosa yakaanza kufichwa, hadi shule nzima ikapelekewa mashati yenye mkono mmoja mfupi. Dada akamwondoa yule bwana, akashuka, akakata kola vibaya kwa makusudi, akagonga mkasi, na mafundi wote wakasimama wima, wakamwomba radhi kwa kosa lake mwenyewe.

Aliniambia hajawahi kuwa mpweke namna ile, hata alipofiwa na mume. Karakana ilipona, vicheko vikarudi, lakini yeye akiingia tu vinakatika, kwa hiyo akawa anakula chakula cha mchana peke yake ghorofani, mlango wazi, akiwasikiliza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi, akafariki hospitalini tarehe 2 Juni. Siku chache kabla, mkataji wake wa kwanza, mmoja wa wale mafundi watatu wa mwanzo, alikuja kumwona, dada akajimwagia uji kifuani, mkataji akachukua kijiko akagonga chuma cha kitanda, wakacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na ninyi mafundi. Mkataji ameomba kugonga mkasi mara moja kabla hatujamshusha, na atakayecheka acheke, asiogope, bosi hayupo hapa, aliyelala ni Dada Mkasi.

Pumzika kwa amani, dada.