Mbio za Babu

Kwenye basi hapa Luoyang, bibi mwenye raketi alimuuliza msichana wa sare aliyeketi kando yake mbona ana uso wa msiba.

“Shule inataka tukimbie kilomita mbili kila siku, simu ihesabu. Mimi napenda kukaa nichore, kwa hiyo simu nampa babu, anakimbia nayo bustanini.”

“Mvivu we! Sasa unalia nini?”

“Babu ana mbio, bibi. Nimechaguliwa kuwakilisha shule mashindano ya mbio Jumamosi.”

Bibi alicheka mpaka raketi ikanigonga goti mimi niliyeketi mbele yao, wala hakuniomba radhi. “Kamwambie mwalimu ukweli, mjukuu wangu.”

“Heri nikimbie!”

“Kwa miguu ya nani?”

Basi likasimama bustanini, bibi akashuka. Msichana akaitazama simu, akaitia mfukoni mwake mwenyewe, akamfuata mbio.