Mzee Pasi, Mwenyekiti Aliyejiengua Mwenyewe

Wapendwa waombolezaji, haya ndiyo maisha ya marehemu kwa ufupi, kama yalivyoandikwa na binti yake mkubwa kwa niaba ya familia, naye ndiye anayeyasoma. Marehemu aliacha agizo moja juu ya maandishi haya. Mwezi wa tisa mwaka huu, akiwa ameegemea mito mitatu, alimwambia bintiye huyo: "Mama, mkiandika habari zangu msinipake rangi. Nimewazika watu wengi, na wote tuliwasoma kama malaika. Mimi niandikeni nilivyokuwa." Familia ilikaa ikajadili. Wapo waliosita. Mwisho wake ikaonekana ni heri kumtii.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mwashi, na mama yake alilima mboga nyuma ya nyumba. Siku hiyo mama alishikwa na uchungu ibadani, akatoka mahubiri yakiwa katikati. Marehemu alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo mara pekee alipomruhusu mtu kutoka kanisani kabla ya baraka. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, ukuta mmoja umepakana na karakana ya mbao, kiasi kwamba unga wa msumeno uliingia hadi kwenye sufuria. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alianza shule mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, akiwa wa pili katika darasa la watoto arobaini na moja. Alikuwa na shati moja tu la shule. Kila alasiri alilifua, na likikauka alilikunja akaliweka chini ya godoro na kulilalia. Siku moja mwalimu wa hesabu alimsimamisha mbele ya wenzake akamuuliza, "Wewe, kwenu mna pasi?" Akajibu, "Mwalimu, pasi ni mimi mwenyewe." Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo akaitwa Pasi. Alipoota mvi akawa Mzee Pasi. Alitamani sana kuendelea na masomo, lakini mwaka huo baba yake alianguka kutoka juu ya jengo akavunjika nyonga. Pasi akabaki nyumbani kumsaidia mama. Kuhusu hilo hakulalamika, ila hadi uzeeni hakuweza kupita mbele ya shule ya sekondari bila kugeuza shingo.

Tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akianza kama msukuma mikokoteni ya mashuka machafu. Alikaa humo karibu miaka thelathini na saba. Mwaka 1979 alifanywa msimamizi, na tarehe 31 Machi 2003 alistaafu. Waliofanya kazi chini yake wanaukumbuka mvuke, sakafu isiyokauka, na Mzee Pasi amesimama dirishani akiliinua kila shuka kwenye mwanga. Doa dogo likionekana, shuka linarudi kwenye maji. "Anayelalia hili ni mgonjwa," alikuwa akisema. "Ana shida zake tayari, msimwongezee." Kila asubuhi aliomba pamoja na wafanyakazi wake, wima na kwa ufupi, kwa sababu mvuke haukuwa na subira.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mwalimu wa watoto wadogo, mwimbaji wa sauti ya pili. Walijuana kwenye kwaya. Jioni moja ya mazoezi mwalimu huyo alimgeukia akamwambia mbele za watu, "Kaka, unakimbilia wapi? Tungoje na sisi." Alikuwa anauwahi wimbo, na kusema kweli hakuwahi kuacha. Mungu aliwajalia watoto watano. Mmoja alifariki mwaka 1974 akiwa na miezi minane.

Nyumbani marehemu alikuwa mkali. Neno lilisomwa kila jioni baada ya chakula, na aliyesinzia alisimama hadi mwisho. Mama ndiye aliyeleta kicheko nyumbani. Mtoto wa kiume, wa pili kuzaliwa, ambaye ni dereva wa malori, alitakiwa na baba yake mwaka 1995 asimame mbele ya ushirika mzima atubu kwa kuonekana baa. Alisimama, akatubu, na hakurudi tena kanisani. Marehemu alitaka hili lisemwe. Miaka ya mwisho alikuwa akimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada, na hakumuuliza habari za kanisa. Alimuuliza tu, "Umekula?"

Kanisani alichaguliwa mzee wa kanisa mwaka 1984, na mwenyekiti wa baraza la wazee mwaka 1991. Paa lililo juu ya vichwa vyetu na ua wa nje vilisimama chini ya uongozi wake. Mikutano ilianza kwa wakati. Mwaka 1993 aliandika kanuni, na baraza likaipitisha: mzee atakayekosa mikutano mitatu mfululizo atapoteza kiti chake.

Mwaka 1998 kanuni hiyo ilimwangukia fundi cherehani, dada mmoja aliyekuwa mzee wa baraza, mjane, ambaye yupo nasi leo. Alikuwa akimuuguza mama yake. Aliposomewa jina lake alisimama akasema, "Mwenyekiti, mama yangu hawezi kujigeuza kitandani. Nikitoka, hana mtu." Marehemu akamjibu, "Tunakuonea huruma, dada. Lakini taratibu ni taratibu." Fundi akachukua mkoba wake akatoka. Hakugomba na mtu. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani kama kawaida, akakaa benchi la tatu, na kwa miaka minane hakumpa mwenyekiti mkono.

Jumanne, tarehe 9 Agosti 2005, mama yetu alianguka jikoni akiwa anamenya vitunguu. Alipooza upande wa kulia, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja: "sasa". Akitaka maji, sasa. Akikasirika, sasa, sasa, sasa. Akimwona mjukuu mlangoni, sasa, kwa sauti nyororo, huku machozi yakimtoka. Marehemu alijifunza kuzitofautisha "sasa" hizo moja moja. Watoto walijitolea kumchukua mama kwa zamu, akakataa katakata. "Nilimwapia mimi, hamkumwapia ninyi," alisema.

Yeye aliyefua mashuka ya wagonjwa maisha yake yote alianza kufua ya mkewe, kwa mikono, kwenye beseni uani. Lakini kumuuguza hakujua. Mama akatokwa na vidonda mgongoni. Mwezi wa kumi na moja marehemu alikosa mkutano wa baraza. Wa kumi na mbili akakosa. Wa kwanza akakosa.

Mwezi Februari 2006 alimwachia binti yake kazi ya kumwangalia mama, akaenda mkutanoni. Shati limenyooka kama kawaida, macho mekundu. Alipofika kwenye ajenda ya mahudhurio alifungua kitabu cha kanuni akaanza kusoma ile ya mwaka 1993. Katibu, mwalimu mstaafu, akamkatiza. "Mwenyekiti, hiyo tuiruke. Wewe jambo lako ni tofauti."

"Tofauti kwa vipi?"

"Sote tunajua unamuuguza mama."

"Na fundi alikuwa anamuuguza nani?"

Marehemu akamwomba katibu alifute jina lake, aandike na sababu. Kisha akaomba iandikwe kwamba uamuzi wa mwaka 1998 ulikuwa kosa, na kwamba kosa lilikuwa la mwenyekiti. Mchungaji alijaribu kumshawishi akae walau hadi mwisho wa mwaka. Akasema, "Mchungaji, sina nguvu za kubishana. Niacheni niende, nina safari nyingine."

Alikwenda kwa miguu hadi kwenye chumba cha fundi, kile kilicho karibu na kinu cha kusaga. Fundi alikuwa anashona sare za shule. Mazungumzo yao familia iliyapata kwa fundi mwenyewe, naye ametuambia tuyaseme.

"Karibu, Mwenyekiti."

"Si mwenyekiti tena. Nimetoka huko."

"Eh. Umefanyaje?"

"Nimekosa mikutano mitatu."

Fundi akasimamisha cherehani. Marehemu alikuwa bado mlangoni, kofia mkononi. Akasema, "Mama yako alipofariki nilikuja mazishini. Nilisimama mbele, nikazungumza."

"Ulizungumza vizuri sana," alisema fundi. "Watu walikusifu."

"Nimekuja kukuomba msamaha, dada. Nilikuwa sijui. Hata hiyo si sababu, maana uliniambia."

Fundi alikata uzi, akakunja sketi aliyokuwa akiishona, akaiweka juu ya nyingine. Ndipo akasema, "Mimi mwenyewe nimechoka kukukasirikia, Mzee Pasi. Ni kazi nzito, na haina mshahara. Kaa." Alipokaa akamuuliza, "Mkeo unamgeuzaje?"

"Namshika mabegani, namvuta."

"Ndiyo maana ana vidonda. Twende."

Siku ile fundi alimfundisha kukunja shuka mara mbili, kulipitisha chini ya kiuno cha mgonjwa, na kumgeuza kwa kulivuta taratibu, mto mmoja mgongoni na mwingine kati ya magoti. Marehemu alisema miaka thelathini na saba ameshika mashuka na hakujua kwamba shuka linaweza kufanya hivyo. Mama, akiwa ameegemea ubavu bila maumivu kwa mara ya kwanza tangu augue, alisema, "Sasa." Hapakuhitajika mkalimani.

Tangu hapo fundi alikuja kila Alhamisi alasiri akakaa na mama, ili marehemu aende kwenye maombi ya katikati ya wiki. Alikwenda kweli. Alikaa benchi la mwisho na kulala fofofo. Mara moja shemasi mpya alitaka kumwamsha, mchungaji akamzuia akiwa madhabahuni: "Mwacheni. Huyo ndiye anayeomba kuliko sisi wote." Marehemu alipoambiwa hakufurahi. Alisema hakuwa anaomba, alikuwa amelala, na mchungaji asimsingizie.

Maana ukweli ni kwamba imani yake miaka ile ilichoka. Alimwambia bintiye kwamba zipo siku alipokunja nguo zilizokauka na neno pekee alilompa Mungu lilikuwa "Haya." Na asubuhi moja mwaka 2010, baada ya kumlisha mkewe na kumbadilisha, alifunga mlango akaenda stendi ya mabasi. Hakuwa na begi. Alikaa pale saa mbili nzima akiyatazama mabasi yakijaa na kuondoka, na wapiga debe wakimuuliza, "Mzee, wapi?" Hakujua wapi. Kisha akarudi. Mama alikuwa amelowa na analia. Alimwosha, akambadilisha, akamwambia alikokuwa. Mama akamwekea mkono wake mzima kichwani, ukakaa pale muda mrefu. Marehemu alituambia hili wote pamoja, sebuleni, baada ya kumzika mama aliyefariki tarehe 3 Mei 2016. Alisema, "Mkisikia watu wananiita mume mwema, mjue na siku ile."

Baada ya hapo aliishi peke yake miaka saba, kimya kimya. Baraza lilimwomba arudi mara mbili, akakataa mara mbili. Ila alikubali kazi moja: kuwatembelea wanaouguza. Wagonjwa aliwasalimu, lakini aliyemfuata ni yule anayeuguza. Alimwambia, "Nenda kalale, mimi nipo," akavua koti. Hakuwa na mahubiri. Kanuni ya mwaka 1993 ilifutwa mwaka 2008, kwa hoja iliyoletwa na fundi, aliyekuwa amerudishwa barazani.

Mwezi Januari 2022 aligunduliwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikapungua, ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima. Alilazwa mara nne, katika hospitali ileile aliyofanyia kazi, na kila mara wauguzi walimlalamikia bintiye kwamba baba anakagua mashuka. Mwanawe dereva aliacha safari za mbali, akawa anamwogesha. Hawakuongea mengi. Siku moja yule mwana alimwambia, "Baba, nilikukasirikia sana." Marehemu akasema, "Najua. Ulikuwa na haki. Nisugue mgongoni hapo, panawasha." Wakacheka mpaka pumzi ikamkata baba, muuguzi akaja mbio.

Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, mchungaji alimtembelea wodini, akamuuliza amwombee nini. Marehemu alifumba macho, tukadhani amelala. Kisha akasema, "Mwambie nimechoka. Mwambie pia sijamkasirikia." Mchungaji aliomba hivyohivyo, bila kuongeza neno. Kesho yake, Ijumaa tarehe 20 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano, alikata roho akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Binti mkubwa alikuwa ametoka kujaza chupa ya chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji, baraza la wazee, na fundi, ambaye kwetu ni shangazi. Marehemu ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na dada zake wawili.

Baba alifanya alivyoweza, na pale aliposhindwa alisema. Amechoka vya kutosha. Bwana na ampumzishe kwa amani. Amina.