Bi Amne na Kofia ya Injini

Tarehe 30 Juni Bi Amne Shakiru anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kukunja bati katika karakana yetu ndogo ya ndege hapa Moshi. Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga mimi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa sababu nimesoma kwa lugha mbili. Ukweli ni kwamba kwa zote mbili naona aibu kuongea mbele za watu, kwa hiyo kalamu imeniokoa.

Bi Amne alianza kwa kutengeneza mifereji ya mvua mtaani Mawenzi, kisha akahamia kwenye kofia za injini, yaani vifuniko vya pua ya ndege. Amezivisha ndege zote tulizojijengea wenyewe, ila hakuwahi kupanda hata moja. Kila akialikwa, alikuwa na bati la kumalizia.

Ndege yake ya mwisho, ya viti viwili, ilimsumbua. Ikipanda kuelekea Kirua Vunjo, injini ilichemka. Akapanua matundu ya mbele ya kuingizia hewa, kama tulivyozoea wote. Ikachemka zaidi, na mwendo ukapungua. Akapanua tena. Rubani Valerian akamwambia, "Mama, ukiendelea hivi tutarusha injini ikiwa uchi." Akajibiwa kwamba injini inachemka kwa kubeba mdomo wake.

Hapo Bi Amne akaahirisha sherehe ya kumuaga. Hataondoka, alisema, akiacha ndege inayochemka.

Akabandika nyuzi nyekundu za sufu kwenye kofia nzima ili aone upepo unavyopita, Valerian akawasha injini. Nakiri nilisahau kazi kabisa: nyuzi ziliogelea taratibu, kama ndege imelala inaota. Za chini tu, kwenye tundu la kutokea hewa, zilining'inia. Upepo ulikosa njia. Bi Amne akasema alikuwa akikaribisha wageni huku amefunga mlango wa nyuma, wakajazana barazani. Akapunguza matundu ya mbele, akapanua la chini na kulikunjia ukingo laini.

Jumamosi akapanda mwenyewe, mtandio kaufunga mara mbili. Mshale wa joto ulitulia hadi juu ya migomba ya Kirua Vunjo, na mwendo ukaongezeka kilomita kumi na tano kwa saa. Valerian anasema mlima hakuutazama; alitazama kofia yake tu, akitabasamu.

Walipotua, pilau ya kumuaga ilishaiva. Bi Amne hakushuka. Aliomba wazunguke tena, nasi tukaifunika pilau.

Asante kwa yote, Bi Amne. Karakana nzima inakuombea afya, mapumziko mazuri na anga tulivu. Ukichoka kukaa nyumbani, kiti cha pembeni mwa rubani ni chako.