Injera Tatu za Mwisho za Gashe Zewdu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusoma mita za umeme hapa Dessie, Gashe Zewdu Ayalneh anastaafu tarehe 30 ya mwezi wa Sene. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na mpaka leo bado ananishangaza.

Alianza kwa miguu, akipanda na kushuka vilima vya mji huu na daftari kwapani. Sisi wengine tulisoma namba tukaenda zetu. Yeye alisimama kutazama kisahani cha mita kinavyozunguka, kisha akabisha hodi kumwambia mwenye nyumba kwamba pasi imeachwa ikiwaka. Mara nyingi alipatia, hata watu wakadhani anawachungulia madirishani.

Kisha ukaja mwaka wa Mama Yeshimebet, aliyelea watoto wanne kwa kuoka na kuuza injera, mikate yetu laini ya rojo la unga wa tefu. Daktari alikuwa amemkataza kuni, maana moshi ulishaanza kumharibu macho. Lakini mitadi ya umeme, yaani kikaango cha injera chenye sahani nzito ya udongo, ilikuwa ikimeza faida yote, naye akaamua kurudi kwenye kuni. Mzigo wa kwanza ulikuwa tayari uani. Gashe akamweleza kwamba udongo ukishapata moto haupoi upesi, kwa hiyo azime umeme zikiwa zimebaki injera tatu. Mama alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Baba, umewahi kumimina injera hata moja wewe? Soma namba zako uende."

Kwetu mwanamume akiisogelea mitadi huchekwa hata na mama yake mzazi. Gashe alirudi nyumbani akamwomba mkewe, Weyzero Alganesh, amfundishe. Jumapili saba aliunguza na kurarua. Ofisini tulimcheka bila huruma, nami nikiwa mstari wa mbele. Naomba radhi hapa kwa maandishi. Jumapili ya nane alibeba rojo lake la tefu hadi kwa Mama Yeshimebet, akaoka kwenye mitadi yake, majirani wamejaa mlangoni. Zilipobaki tatu, akazima.

Nilikuwapo. Ya kwanza ikaiva. Ya pili ikaiva. Ya tatu ilijaa vitundu vya injera nzuri kutoka ukingoni hadi katikati, laini kabisa, na umeme ulikuwa umezimwa muda wote huo. Mama aliishika kwa mikono miwili, kisha akawageukia wanawe.

"Hizo kuni zirudisheni sokoni."

Leo mtaa mzima unaoka hivyo, na Mama Yeshimebet bado anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe.

Gashe, asante kwa yote. Ukapumzike na Weyzero Alganesh kwa afya na amani, na mitadi yenu isipoe. Injera za sherehe hii ameoka Mama Yeshimebet. Ametuagiza tusiguse zile tatu za juu kabisa: zimeiva umeme ukiwa umezimwa, na ni zako.